Ruta Iliyoharibiwa Makusudi

Mwaka 1993 fundi mmoja wa mitandao kutoka Maryland, mashariki ya Marekani, alivuka bara zima kwenda Menlo Park, California, kufanya mtihani ambao hadi siku hiyo hapakuwa na mtu aliyeufanya akaufaulu. Jina lake Terry Slattery. Hakuwa mwanafunzi wala kijana anayetafuta kazi. Kampuni yake ndogo ndiyo iliyopewa kazi ya kuandika upya ile sehemu ya programu ya ruta za kampuni ya Cisco inayopokea amri za mtumiaji. Kwa maneno mengine, alikwenda kutahiniwa juu ya mashine ambazo ulimi wake aliujua kuliko karibu kila mtu. Hata hivyo alikaa kitini kama mtahiniwa mwingine yeyote, akaachwa chumbani na ruta, kebo na karatasi ya maelekezo, na mtihani ukachukua siku mbili.

Alifaulu, akapewa namba 1026. Cisco hawakuanza kuhesabu vyeti vyao kwa moja. Walianzia 1024, namba ambayo watu wa kompyuta wanaipenda kwa sababu ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara kumi, na namba hiyo hawakumpa mtu, bali waliipa maabara yenyewe ya mtihani. Namba 1025 ilikwenda kwa Stuart Biggs, mtu aliyeutunga mtihani huo, wa maandishi na wa vitendo. Slattery akawa wa kwanza kuipata namba yake kwa jasho la chumbani. Cheti kiliitwa CCIE, na kwa miaka mingi baadaye watu wa fani hii wakikutana waliulizana namba kabla ya kuulizana kampuni wanazofanyia kazi.

Lakini kampuni inayouza mashine ina shida gani hata ianze kutahini watu? Jibu halipo California. Tuanzie Utah, miaka michache nyuma.

Kabla intaneti haijaingia maofisini, mtandao wa ofisi ulikuwa na jina moja kubwa, nalo ni NetWare, bidhaa ya kampuni ya Novell ya Provo. Vijana waliosoma katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, Drew Major na wenzake, ndio walioiandika programu hiyo iliyoziwezesha kompyuta za ofisi moja kutumia faili na printa kwa pamoja. Ray Noorda, aliyeichukua kampuni mwaka 1983 ikiwa taabani, ndiye aliyeipeleka sokoni kupitia mawakala. Mpango wake ulikuwa rahisi: Novell haitamfuata kila wakili na kila daktari wa kila mji mdogo. Wakala wa mji huo ndiye atakayeuza sanduku jekundu la NetWare, atalaza kebo, atafunga seva, atachukua faida yake.

Mpango ulifanya kazi kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya mitandao ya maofisini iliendeshwa kwa NetWare, na kila wakala aliyekwama alinyanyua simu na kupiga Provo. Wengine walikuwa na maswali ya maana. Wengine hawakuwa wamechomeka kebo. Simu hizo zilipokewa na watu wanaolipwa mshahara, na bidhaa iliyouzwa jana kwa faida ilianza kula faida hiyo leo. Hapo ndipo Novell, mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipoanzisha cheti cha CNE. Wakala anayetaka kutambuliwa awe na watu waliosoma, wakapimwa, wakafaulu, ili matatizo madogo wayamalize wenyewe huko huko.

Ninalisisitiza hili kwa sababu historia nyingi za vyeti huandikwa kana kwamba ni habari za elimu. Mtihani wa mitandao haukuzaliwa darasani. Ulizaliwa kwenye gharama za simu. Aliyelengwa hakuwa kijana anayetafuta ajira, lakini muda si mrefu kijana huyo ndiye aliyeubeba mtihani wote mabegani.

Waajiri walianza kuziandika herufi hizo tatu, CNE, kwenye matangazo ya kazi. Mkurugenzi wa hospitali hajui NetWare, kwa hiyo hana namna ya kumpima anayedai kuijua. Cheti kilimwondolea kazi ya kuhukumu. Wachapishaji wakaona biashara, vitabu vya kujiandalia mtihani vikajaa madukani, na shule za binafsi zikaanza kuahidi kwamba mtu anayeuza fanicha leo atakuwa fundi wa mitandao baada ya miezi michache.

Watu hao wote walihitaji mahali pa kutahiniwa, na vyumba vilikuwapo tayari. Mwaka 1979 chama cha madalali wa hisa cha Marekani, NASD, kilianza kuwatahini madalali kwa kompyuta za mfumo wa PLATO za Control Data, kampuni ya Minneapolis. Katika jimbo hilo hilo la Minnesota, mwaka 1990, ikaanza Drake Prometric, kampuni ambayo kazi yake yote ilikuwa kuendesha mitihani kwa kompyuta kwa niaba ya wengine, na Novell ikawa miongoni mwa wateja wake wa mapema. Mwaka 1994 jimboni humo humo ikaanzishwa mshindani wake, VUE, ambayo baadaye iliingia katika milki ya Pearson. Ndiyo maana hadi leo mtu anayefanya mtihani wa ruta hukaa chumba kimoja na anayefanya mtihani wa uuguzi na anayefanya wa uhasibu, kila mmoja amegeukia kioo chake.

Mtu wa Novell aliyeshughulikia upimaji, David Foster, alikuwa mtaalamu wa saikolojia ya vipimo, na chini yake kampuni ilijaribu aina ya mtihani unaojirekebisha wenyewe. Ukijibu vizuri, kompyuta inakupa swali gumu zaidi. Ukikosea, inashuka. Ikishajiridhisha kuhusu kiwango chako, inakata. Mtihani ungeweza kwisha kabla mtu hajatulia kitini vizuri, na watahiniwa wengi waliuchukia kwa sababu hiyo, ingawa kihesabu ulikuwa wa haki.

Tatizo kubwa lilikuwa kwingine. Maswali ya kuchagua jibu hupima kile ambacho mtu anakitambua akikiona. Hayapimi kile anachoweza kukifanya saa nane usiku seva ikiwa imezima na meneja amesimama mgongoni. Ni sawa na kumpa mtu leseni ya udereva kwa kujibu maswali ya alama za barabarani tu, bila kumweka nyuma ya usukani. Haukupita muda mrefu maofisi ya Marekani yakawa na jina la dharau kwa waliofaulu hivyo: CNE wa karatasi. Alikuja kazini na cheti ukutani, na hajawahi kuigusa seva.

Microsoft ilipoingia na Windows NT ilichukua mtindo wote wa Novell, na kasoro zake. Cheti chake cha MCSE kilivuma katikati ya miaka ya 1990 kuliko CNE ilivyowahi kuvuma, na NetWare ilivyokuwa inapoteza soko, mafundi walioijua vizuri walijikuta na cheti safi cha kitu ambacho wateja wanakiondoa. Kozi za wiki mbili zikazuka. Dharau nayo ikabadilisha jina tu: sasa alikuwa MCSE wa karatasi.

Herufi ya mwisho ya vyeti hivyo, E ya "engineer", yaani mhandisi, ilizua kesi. Kwingi duniani jina la mhandisi lina ulinzi wa sheria, na chama cha wahandisi cha Québec, nchini Kanada, hakikufurahi kuona watu waliofaulu mitihani ya kampuni ya programu wakijiita wahandisi. Kilikwenda mahakamani, na mwaka 2004 Microsoft ikapatikana na hatia na kutozwa faini ya dola 1,000 za Kanada. Kwa kampuni ile kiasi hicho ni kama hakuna. Lakini Microsoft ilipokiunda upya cheti cha MCSE mwaka 2012, herufi ya mwisho haikusimama tena kwa mhandisi. Ilisimama kwa mtaalamu.

Kuna jambo jingine lililowauma watu zaidi ya jina. Microsoft ilipotoa Windows 2000, ilitangaza kwamba waliopata MCSE kwa Windows NT 4.0 watavuliwa cheti mwisho wa 2001 wasipofanya mitihani mipya. Mtu alikuwa amelipia mitihani sita, ameifaulu, anaendesha mitandao ya NT ambayo bado inafanya kazi, halafu anaambiwa kwamba alichokijua jana hakihesabiki. Kelele zilikuwa kubwa, na Oktoba 2001 kampuni ikarudi nyuma: vyeti vya zamani vikabaki, vikiandikwa toleo lake.

Turudi Menlo Park sasa, kwa maana ndiko kulikojaribiwa njia nyingine.

Cisco ilianzishwa Desemba 1984 na Leonard Bosack na Sandra Lerner, mke na mume waliokuwa wakisimamia kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford. Bidhaa yao ilikuwa ruta, kifaa kinachosimama kati ya mtandao mmoja na mwingine, kikipokea vifurushi vya data na kuamua kila kimoja kipite njia gani. Mwaka 1990 kampuni iliuza hisa zake kwa umma, na kabla mwaka haujaisha Lerner alifukuzwa, Bosack akajiuzulu. Mashine ziliendelea kuuzika. Simu nazo ziliendelea kuita kwenye kituo cha msaada wa kiufundi, na waliokuwa upande wa pili wa waya walitofautiana mno: mmoja ni mtu aliyejenga mtandao wa benki nzima, mwingine ndiyo kwanza amefungua sanduku. Wote waliingia foleni moja.

Cisco walichokihitaji ni namna ya kuwatambua wanaojua, ili wanapopiga simu wasianze kuulizwa kama wamewasha umeme. Mtihani wa maandishi peke yake usingetosha, maana wote walikuwa wamekwisha kuona yaliyoipata Novell. Kwa hiyo mtihani wa maandishi ukafanywa mlango tu. Nyuma yake palikuwa na chumba.

Siku ya kwanza mtahiniwa alijenga. Alikuta ruta na swichi zikiwa tupu, akapewa mchoro na masharti: ofisi hii izungumze na ile kwa itifaki hii, njia hii isitumike mpaka ile ikatike, anwani hizi zisionekane nje. Masharti yalipangwa yagongane. Ukilitimiza la tatu kwa njia ya haraka, umelivunja la kumi na mbili, na hutajua mpaka ufike huko. Saa zilikwenda. Jioni msimamizi alipitia kazi na kutoa alama, na ambaye alama zake zisingeweza tena kufika 80 kati ya 100 aliambiwa asirudi. Wapo waliovuka bahari kwa ajili ya siku mbili, wakamaliza moja.

Aliyebaki aliendelea kujenga asubuhi ya siku ya pili, kisha akaenda kula chakula cha mchana. Alipokuwa anakula, msimamizi aliingia chumbani na kuuharibu mtandao aliouhangaikia siku nzima na nusu. Alichomoa kebo, akabadilisha tarakimu moja katika anwani, akaongeza amri inayotupa vifurushi kimya kimya, au akageuza neno la siri. Mtahiniwa aliporudi, kazi iliyokuwa mbele yake ni kutafuta kilichoharibika, kukirekebisha, na kueleza alichokikuta.

Sijui mtihani mwingine katika fani ya kompyuta uliokuwa mkweli kama huo. Kujenga kunaweza kukaririwa. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri na subira anaweza kujifunza mfuatano wa amri kama anavyojifunza wimbo. Kuharibiwa hakukaririki, kwa sababu msimamizi hakulazimika kuharibu mtandao wa leo kama alivyouharibu wa jana. Tena kazi yenyewe ya mitandao ndivyo ilivyo: kuujenga ni mara moja, na miaka yote inayofuata ni kuulizwa kwa nini haufanyi kazi.

Uhaba ukakipa cheti thamani. Cisco ikaweka sharti kwamba kampuni inayotaka daraja la juu la uwakala, lile la dhahabu, iwe na CCIE wanne kwenye orodha yake ya mishahara. Mara moja mtu mmoja mwenye namba akawa robo ya leseni ya biashara, na mshahara wake ukapimwa hivyo. Foleni ya kuingia chumbani ikarefuka. Oktoba 2001 Cisco ilikata mtihani kutoka siku mbili hadi moja ya saa nane, ili watu wengi zaidi wapite, na mchana wa uharibifu ukaondoka. Wengi waliofaulu chini ya utaratibu wa zamani walinung'unika, na ninadhani hawakunung'unika kwa wivu tu. Miaka minane baadaye, mwaka 2009, sehemu maalumu ya kutafuta kasoro ilirudishwa katika mtihani.

Wakati mlima huo ukiwa na watu wachache kileleni, Cisco ilihitaji watu chini. Mhandisi wake George Ward alikuwa ametumwa kusaidia shule zilizonunua vifaa vya mtandao, akakuta kwamba shule zikishafungiwa ruta hazina mtu wa kuzitunza. Akaanza kuwafundisha walimu na wanafunzi wenyewe. Kutokana na kazi hiyo mwaka 1997 ukaanzishwa mpango wa akademi za mitandao, ukiwa na taasisi 64 katika majimbo saba ya Marekani, na mwaka 1998 kikafuata cheti cha kuanzia, CCNA, ambacho ada yake ilikuwa dola 100.

CCNA ndicho kilichofika kwetu. Julai 2000, wakuu wa mataifa tajiri walipokutana Okinawa, Japani, ulitangazwa mpango wa kuzifikisha akademi hizo katika nchi maskini zaidi, kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na shirika la misaada la Marekani, USAID. Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa katika kundi hilo la nchi. Kenya, ambayo haikuwamo, ilikuwa na soko la vyuo vya binafsi lililokwisha kuliona jambo lenyewe. Katika miaka iliyofuata mabango ya CCNA yakawa ya kawaida kwenye ngazi za majengo ya katikati ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala.

Ulikuwa wakati wa kuwahitaji watu wa aina hiyo. Novemba 2000 watoa huduma wa intaneti wa Kenya walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mwingine isisafiri kwa setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Kilifungwa baada ya majuma mawili kwa malalamiko ya Telkom Kenya, kikaruhusiwa tena Februari 2002. Kukiendesha kulihitaji watu wanaoielewa BGP, itifaki ambayo mitandao mikubwa huitumia kuelezana njia, na ambayo mtu hawezi kuifanyia majaribio kwenye kompyuta moja ya nyumbani. Mafunzo ya AfNOG, kikundi cha waendesha mitandao wa Afrika, yalisaidia sana hapo. Yalianza Cape Town mwaka 2000, yakafika Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, yakiwa ya vitendo, yakifundishwa kwa sehemu kubwa na wenyeji wa fani kutoka Afrika yenyewe. Kisha mwaka 2009 kebo ya SEACOM ikatua Mombasa na Dar es Salaam, na maofisi yaliyokuwa yakibana matumizi ya setilaiti yakaanza kuajiri.

Hebu tuingie chumba cha CCNA kidogo, kwa ambaye hajakiona. Simu, saa na pochi vinabaki kwenye kabati. Unapigwa picha, unatia sahihi, unapewa ubao mdogo wa plastiki na kalamu ya kufutika. Kikokotoo hakuna. Wazoefu, kabla ya kusoma swali la kwanza, huandika pembeni mwa ubao safu moja: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Hiyo ndiyo silaha ya kugawa anwani. Ukiulizwa kompyuta yenye anwani 192.168.10.77 kwenye mgawo wa /26 iko mtandao upi, unajua kwamba mgawo huo unakata namba ya mwisho katika mafungu ya 64: la kwanza linaanza 0, la pili 64, la tatu 128, la nne 192. Basi 77 iko fungu la pili, anwani ya mwisho ya fungu hilo ni 127, na kompyuta zinazoweza kukaa humo ni 62, kwa kuwa ya kwanza na ya mwisho hazigawiwi. Aliyejizoeza hulimaliza swali hilo kabla hujamaliza kulisoma kwa sauti. Ukishajibu umejibu. Mtihani wa Cisco hauruhusu kurudi swali lililopita, na nimewasikia watu wakisema kwamba hilo ndilo lililowaangusha kuliko hesabu zote.

Kuanguka kulikuwa na bei. Ada ilipanda miaka ilivyokwenda, na toleo lililoanza mwaka 2020 lilianzia dola 300, fedha ambazo kwa fundi kijana wa Afrika Mashariki zinaweza kuwa mshahara wa mwezi au zaidi. Ukifeli, unalipa upya. Na bado hatujagusa vifaa. Vitabu vilipatikana, kile cha Todd Lammle, kilichochapwa na Sybex, kilizunguka kwa nakala za kurudufu mpaka michoro ikafifia. Lakini ruta ya kufanyia mazoezi? Huko Marekani, kampuni nyingi za intaneti zilipofilisika mwaka 2000 na 2001, ruta zao za aina ya 2500 zilijaa kwenye minada na vijana wakazinunua kwa bei ya chee. Huku kwetu mwanafunzi alisubiri zamu yake chuoni, wenzake watano wakiizunguka ruta moja.

Aliyelegeza fundo hilo alikuwa Mfaransa, Christophe Fillot. Agosti 2005 alianza kuandika Dynamips, programu inayoifanya kompyuta ya kawaida ijifanye ruta ya Cisco, kiasi kwamba programu halisi ya ruta ilikubali kuwaka ndani yake. Juu ya kazi hiyo ikajengwa GNS3 ya Jeremy Grossmann, iliyompa mwanafunzi ukurasa wa kuchora ruta zake na kuziunganisha kwa kipanya. Cisco nayo iliwapa wanafunzi wa akademi programu yake ya kuigiza mitandao, Packet Tracer. Kuanzia hapo mtu mwenye kompyuta ya mkononi na umeme wa saa chache angeweza kujenga ruta kumi na kuziharibu mwenyewe. Ni kweli kwamba programu za Cisco zilizowashwa ndani ya GNS3 mara nyingi zilipatikana kwa njia ambazo mwanasheria wa kampuni asingezipenda. Kampuni ilikuwa na sababu ya kutokereka sana: kila aliyejizoeza hivyo alikuwa mteja wake wa kesho.

Njia nyingine haikuhitaji ruta kabisa. Mtahiniwa anatoka chumbani, anaandika maswali yote aliyoyakumbuka, anayauza. Wanafunzi wa Tanzania wangeliita hilo desa, wa Kenya mwakenya; kwenye vyeti likawa biashara ya dunia nzima. Mwaka 2002, katika jimbo la Washington, mtu aliyekuwa akiuza maswali na majibu ya mitihani ya Microsoft alikiri mahakamani kosa la kuiba siri za biashara, na miongoni mwa mali alizochuma lilikuwamo gari la Ferrari. Alifungwa. Biashara haikufungwa naye. David Foster, yule wa Novell, mwaka 2003 akashiriki kuanzisha Caveon, kampuni ambayo kazi yake ni kuwasaka wezi wa mitihani, kwa mfano kwa kutazama mtu anayejibu swali gumu kwa sekunde nne na kukosa lililo jepesi.

Cisco walijibu kwa kuingiza kwenye CCNA maswali ya kuigiza, ambapo unaletewa kioo cha ruta na kuambiwa uirekebishe. Kilikuwa kipande kidogo cha Menlo Park ndani ya mtihani wa bei nafuu. Wauza desa nao wakaanza kuuza mfuatano wa amri.

Makali ya ushindani huo yalimwangukia mtu ambaye hakuiba chochote. Kwa kuwa cheti kilipungua thamani, tiba iliyopendwa na watoaji ilikuwa kukiwekea mwisho. CompTIA, chama cha wafanyabiashara wa kompyuta kilichotoa cheti cha Network+ tangu 1999, kilikuwa kimewaambia watu kwamba chao ni cha maisha. Januari 2010 kikatangaza kwamba vyote, hata vilivyokwisha kutolewa, vitahitaji kuhuishwa. Ghasia zilikuwa zile zile za Microsoft, na jibu lile lile: baada ya majuma machache ikaamuliwa kwamba waliofaulu kabla ya mwisho wa 2010 watabaki nacho maisha, na wanaokuja kuanzia 2011 watapewa miaka mitatu. Kwa hiyo ofisi moja inaweza kuwa na watu wawili wenye cheti cha jina moja, mmoja akilipa kila baada ya muda, mwingine halipi kamwe, kwa tofauti ya Desemba na Januari.

Tarehe 24 Februari 2020 Cisco ilipanga upya karibu ngazi zake zote za vyeti. CCNA, iliyokuwa imegawanyika katika matawi mengi, ikarudi kuwa mtihani mmoja wa dakika 120, na maswali ya kuendesha vifaa kwa programu yakaingia. Majuma machache baadaye korona ilifunga vituo vya mitihani, na mwezi Aprili watahiniwa wakaanza kufanya mitihani ya maandishi nyumbani, kamera ikiwatazama, msimamizi akiwa nchi nyingine akiwaamuru waizungushe kompyuta ili aone kama meza ni tupu na kuta hazina kitu. Microsoft ilikwenda mbali zaidi: tangu Agosti 2023 mitihani yake mingi inamruhusu mtahiniwa kufungua maelezo rasmi ya bidhaa katikati ya mtihani, kama afanyavyo fundi yeyote kazini.

Mtihani wa vitendo wa CCIE haukuhamia nyumbani. Ada yake katika mpangilio huo mpya ilikuwa dola 1,600 kwa jaribio moja, bila nauli wala hoteli, na kwa anayetoka Nairobi au Dar es Salaam safari kwa kawaida ni ya Dubai. Mtihani wenyewe hukaa saa nane.